Nyasi za Kilima cha Shaba



Kila siku twakanyaga nyasi za njiani bila kuzitazama, tukidhani kwamba zile za aina moja zimefanana zote. Sivyo.

Huko Wales, magharibi ya Uingereza, iko nyasi ambayo wataalamu huiita Agrostis. Yaota katika malisho ya kondoo. Yaota pia juu ya udongo uliotupwa na wachimbaji wa zamani wa shaba na risasi, mahali ambapo mimea mingi hufa kwa sumu. Mwaka 1952 mtaalamu Anthony Bradshaw alitangaza jambo la ajabu: nyasi iliyotwaliwa mgodini hustawi katika udongo ule mbaya, bali ndugu yake wa malishoni, akipandwa papo hapo, mizizi yake hudumaa. Kwa macho wafanana. Kwa urithi hawalingani.

Je, sumu ndiyo iliyowafundisha uvumilivu? Hapana. Wataalamu wengine walitwaa mbegu za malisho ya kawaida, wakazipanda kwa maelfu katika udongo wa shaba. Karibu zote zilikufa, lakini katika kila elfu zilisalia chache zenye afya. Basi, nguvu ile ilikuwamo tangu mwanzo katika wachache. Sumu ilichekecha tu, kama mama achekechavyo unga, na waliosalia wakawarithisha watoto wao. Upepo huleta chavua kutoka malishoni, lakini kila kizazi huchekechwa upya. Hata mpakani mwa mgodi nyasi hubadilika kwa hatua chache. Tena, yule hodari wa mgodini, akirudishwa kati ya nyasi nene za malisho, mara nyingi husongwa na wenzake.

Jambo hili latuhusu. Kiwanda cha shaba cha Lubumbashi kilianza kuyeyusha mwaka 1911, na moshi wake wa miaka mingi uliacha udongo mtupu wenye sumu katika mitaa iliyo upande upepo uendako. Vumbi lake huingia nyumbani, watoto hucheza ndani yake. Katika mtaa wa Penga Penga wataalamu walitia chokaa na mbolea, wakapanda Microchloa altera, nyasi fupi iliyozoea udongo wa shaba wa Katanga. Nyasi ya bustani isingefaa kazi hiyo.

Lakini vilima vya shaba vinachimbwa, na kilima kikiondolewa, mbegu zake huondoka nacho. Tukizipoteza, tutafunika kwa nini udongo tuliouharibu?

Nanyi wazazi, msidharau mbegu za mababu zilizozoea shamba lenu, hata kama suke lake ni dogo. Mwenyezi Mungu ameweka akiba yake katika wachache wasiotazamwa. Siku ya shida ndipo hujulikana.