Kukoroma kwa Paka Si Raha Tu

Wanafunzi wenzangu, nanyi ndugu zetu mliokwisha kumaliza masomo hapa, kuna neno ambalo kila mtu hulisema: paka akikoroma, ana raha. Mimi silikubali neno hilo lote.

Ni kweli paka aliyeshiba hukoroma akipapaswa. Hata kitoto cha siku chache, macho hayajafumbuka, hukoroma kikinyonya. Lakini paka hukoroma pia akizaa, akivunjika mguu, hata akikaribia kufa. Je, huyo naye ana raha?

Muhula uliopita paka wetu wa ghala, yule alindaye magunia ya posho, alilala siku tatu pembeni bila kugusa chakula. Kila aliyepita alimpapasa, akasikia ule mngurumo, akasema, “Mzima huyu,” akaenda zake. Siku ya nne mpishi alimgeuza, akaona jipu kubwa shingoni. Kumbe alikuwa ameng’atwa. Bwana mifugo alilipasua, akapona. Siku tatu za maumivu kwa ajili ya neno moja!

Sauti yenyewe yatoka katika kikoromeo, pumzi ikiingia na ikitoka pia. Nyuzi za sauti hutikisika mara 25 hadi 30 kwa sekunde, sauti nzito mno kwa mnyama mdogo kama huyo. Kwa miaka mingi ilifundishwa kwamba ubongo ndio unaoamuru misuli ikaze na kulegea kwa kila mtikisiko. Mwaka 2023 Christian Herbst wa Chuo Kikuu cha Vienna na wenzake walipitisha hewa katika vikoromeo vya paka 8 waliokwisha kufa. Vyote vikanguruma, bila ubongo wowote! Ndani ya nyuzi zile mna mafundo laini ambayo huenda ndiyo yanayozifanya zitikisike polepole. Wataalamu wengine bado washikilia kwamba misuli ina kazi yake, na ubishi haujaisha.

Nao wajanja hawa hututumikisha kwa sauti hiyo. Mwaka 2009 Karen McComb wa Chuo Kikuu cha Sussex, Uingereza, alionyesha kwamba paka akitaka chakula huchanganya ndani ya mkoromo kilio chembamba, nasi wanadamu huona vigumu kukipuuza.

Basi mimi naona mkoromo ni ombi kuliko kicheko: kaa nami, nilishe, usiniumize. Wako wasemao kwamba mtikisiko wake huponya mifupa. Hilo halijathibitishwa, wala lisiwe kisingizio cha kumwacha mgonjwa ajiuguze mwenyewe. Paka akoromaye huku amejikunyata, masikio ameyalaza na chakula hakigusi, aitiwe bwana mifugo siku hiyo hiyo.