BETRI NDOGO ISIDHARAULIWE

Magari yanayokwenda kwa umeme si habari ya ng'ambo tena. Mwaka 2011 walimu na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Makerere waliunda gari dogo la watu wawili, Kiira EV, linalokwenda kwa betri. Mwaka 2016 lilifuata basi la Kayoola lenye paneli za sola juu ya paa. Kiwanda cha magari hayo kimejengwa Jinja, na kazi ya ujenzi ilikabidhiwa NEC, shirika la uzalishaji la jeshi letu. Askari waliochanganya zege ya kiwanda hicho hawatashangaa siku watakapopewa funguo za gari lililotoka humo.

Katika wilaya ya Kasese mambo haya yana mizizi. Shaba ya Kilembe ilichimbwa tangu 1956 hadi 1982, na rundo la mabaki yake lilikuwa na kobalti, madini yanayotiwa katika betri nyingi za leo. Kuanzia 1999 kobalti hiyo ilitolewa papo hapo Kasese kwa msaada wa vijidudu vinavyokula mawe, mpaka rundo likaisha. Nao mto Mubuku, kabla ya kufika tambarare za Karusandara, huzungusha mitambo ya umeme. Ule wa Bugoye peke yake, uliofunguliwa mwaka 2009, ni wa megawati 13. Kwa hiyo tunapozungumza juu ya gari la doria la umeme katika kituo cha Karusandara hatusimulii ndoto.

Leo tunapenda kuwaonya askari na polisi, hasa madereva, mafundi na watu wa mawasiliano, juu ya kitu kidogo sana kinachoweza kulizuia gari kama hilo lisitoke kituoni. Mahali pengi duniani mafundi wamezoea kufunga ndani ya magari ya umeme kompyuta ndogo ya bodi moja. Iliyo mashuhuri kuliko zote ni Raspberry Pi, iliyoanza kuuzwa Uingereza mwaka 2012, na ukubwa wake unakaribia karata ya kuchezea. Huandika njia iliyopitwa, mwendo, joto la betri na chaji iliyobaki. Ikipewa kamera huhifadhi na picha. Faida yake kwa doria haihitaji kuelezwa. Swali ni moja tu: itakula umeme wa wapi?

Gari la umeme lina betri mbili. Kubwa, yenye volti mia tatu au zaidi, huendesha magurudumu. Ndogo, ya volti 12, kama ile ya gari la petroli, huwasha taa, kufuli, redio na mitambo ya kuamrisha. Gari linapozimwa, swichi kubwa za sumaku huitenga betri kubwa na gari zima, ili fundi au mzima moto asiuawe na umeme huo. Kuzifunga tena swichi hizo kunahitaji umeme wa betri ndogo. Betri ndogo ikifa, ile kubwa, hata kama imejaa pomoni, haiwezi kulisogeza gari hata hatua moja.

Na tufanye hesabu. Kompyuta hii pamoja na kifaa cha kuishushia umeme kutoka volti 12 hadi 5 hula kama wati 5. Kwa siku moja ni wati-saa 120. Betri ndogo ya ampea-saa 45 ina wati-saa 540, lakini betri ya risasi na tindikali haifai kunywewa zaidi ya nusu. Basi tunazo 270, yaani saa 54. Gari likiegeshwa Ijumaa saa kumi na mbili jioni, saa hizo zinakwisha usiku wa manane wa kuamkia Jumatatu. Betri ikiwa kuukuu itaanguka mapema zaidi. Nissan Leaf za kwanza, zilizoanza kuuzwa mwaka 2010, zilikuwa na betri kubwa ya kilowati-saa 24, ambayo kwa hesabu tu ingeilisha kompyuta hiyo siku 200! Mali ipo ghalani, lakini ufunguo wa ghala umeliwa.

Ni kweli kwamba baadhi ya magari huijaza betri ndogo yenyewe kila baada ya muda yakiwa yameegeshwa. Lakini mtengenezaji alipiga hesabu ya vifaa vyake mwenyewe. Cha kwetu tulichokiongeza hakukijua.

Makosa hutendeka kwa sababu ya urahisi. Chini ya usukani kuna tundu ambalo mafundi huchomeka kifaa cha kukagulia gari. Mtu huona umeme umo, akachomeka kompyuta yake, akaenda zake. Tundu hilo halizimiki gari linapozimwa. Mlango huu haufungwi kamwe. Mwingine hutumia tundu la kiberiti cha sigara, ambalo katika magari mengi hukatika mara gari linapozimwa. Hapo betri imepona, lakini kompyuta imenyang'anywa umeme ikiwa katikati ya kuandika. Ikifanyiwa hivyo mara kwa mara, kadi yake ya kumbukumbu huharibika, na siku moja haiwaki tena. Polisi anajua maana yake: kumbukumbu ya njia na saa iliyopotea ni ushahidi uliopotea, na wakili wa mshtakiwa hatamhurumia.

Wapo na mashujaa wanaofikiria kuchota moja kwa moja katika betri kubwa. Hawa tunawaambia wazi kwamba nyaya za rangi ya machungwa zisiguswe na mtu asiyefunzwa kazi hiyo. Umeme wa namna ile huua, na cheche yake haizimiki upesi kama ya umeme wa nyumbani.

Njia iliyo sawa inajulikana, wala si ghali. Waya mmoja utoke kwenye betri ndogo, ukiwa na fyuzi yake ya ampea 2 au 3 karibu kabisa na betri. Waya wa pili ulete habari tu kwamba gari limezimwa. Kati ya nyaya hizo na kompyuta kikae kidhibiti kidogo, ambacho kikipata habari hiyo huiamuru kompyuta ifunge kazi zake vizuri, husubiri dakika moja au mbili, kisha hukata umeme. Kidhibiti hicho hicho kikate pia bila kungoja amri volti zikishuka hadi 12.2, maana hapo betri imebaki nusu.

Wenye kumbukumbu ndefu katika kikosi cha mawasiliano watatuambia kwamba hili si jipya, nasi tunakubali. Land Rover za jeshi la Uingereza zilizoundwa mahsusi kwa redio zilikuwa na betri za redio mbali na za kuwashia injini, ili mpiga redio azungumze usiku kucha na asubuhi gari liondoke. Kwa kompyuta yetu, betri yake ya pembeni, ijazwe gari likitembea, yafaa vilevile. Angalizo letu ni joto: betri za simu za kubebeka zisiachwe ndani ya gari lililofungwa kwenye jua la tambarare za Karusandara, kwani huvimba na zaweza kuwaka.

Huenda msomaji akasema tunakuza jambo dogo. Mwezi Mei 2020 mito ya Kasese, Mubuku ikiwa mmojawapo, ilivunja kingo, na hospitali ya Kilembe ikabomolewa na maji ya Nyamwamba. Mwezi Juni 2023 wauaji walivuka mpaka wakawachinja wanafunzi wa shule ya Lhubiriha huko Mpondwe. Katika wilaya kama hii, gari la kituo huhitajika saa ambayo hakuna aliyeipanga, na mara nyingi ni usiku wa siku ya mapumziko, baada ya kuegeshwa muda mrefu.

Kwa hiyo tunawaomba wakuu wa vikosi waamuru mambo machache. Pasifungwe kifaa chochote katika gari la umeme bila fundi kuandika katika daftari la gari kinakula wati ngapi na kinazimwaje. Maelezo hayo yabandikwe ndani ya mlango kwa Kiswahili, lugha ya kambini, dereva wa zamu ayasome. Kila kituo kiwe na betri ya akiba ya volti 12 na nyaya zake. Na kabla gari halijapokelewa, liegeshwe Ijumaa jioni likiwa na vifaa vyake vyote, lisiguswe. Jumatatu asubuhi fundi aipime betri ndogo, na ikionyesha chini ya volti 12.2, gari lirudishwe karakana.