Viatu Visivyo na Kamba

Muhula uliopita niliikata kwa kalamu nyekundu insha ya mwanafunzi wangu wa mwaka wa kwanza. Alikuwa ameandika kuhusu raba. Pembeni niliandika: “Haya si masuala ya isimu.” Walimu wenzangu, leo naungama kwamba nilikosea, tena katika jambo ninalolipwa mshahara ili nilifahamu.

Raba zenyewe ni Adidas Superstar, zilizovaliwa bila kamba na kundi la Run-DMC kutoka Hollis, katika eneo la Queens, New York. Daktari mmoja wa Queens alikuwa ametunga shairi la kuwakemea vijana waliovaa viatu namna hiyo, kana kwamba kila mvaaji ni mhalifu. Run-DMC walimjibu kwa wimbo “My Adidas” mwaka wa 1986. Mwaka uo huo, katika ukumbi wa Madison Square Garden, mashabiki waliombwa waziinue raba zao, na maelfu wakaziinua. Baadaye kampuni ikatia sahihi mkataba na kundi hilo.

Sasa, msomaji mpenzi, mtu akishutumiwa kwa shairi naye akajibu kwa shairi, sisi twaliitaje jambo hilo? Si malumbano hayo? Muyaka bin Haji wa Mombasa alijibizana na washairi wenzake, nasi twamfundisha kwa taadhima kuu. Mwanafunzi wangu aliyaona malumbano. Mimi niliona viatu.

Wala siwezi kujitetea kwamba mambo haya ni mageni kwangu. Nilikuwa shule ya upili mwishoni mwa miaka ya 1990 Kalamashaka, vijana wa Dandora, walipotoa “Tafsiri Hii”. Wengi waliofoka siku hizo waliiga Kiingereza cha Wamarekani. Hawa walifoka kwa Kiswahili na Sheng, na hata jina la wimbo ni zoezi la isimu! Kama ningeulizwa nichague wimbo mmoja wa kupeleka darasani, ningeuchagua huo.

Katika filamu za hali halisi ningechagua “Style Wars” ya mwaka wa 1983, kazi ya Tony Silver na Henry Chalfant. Inahusu vijana walioandika majina yao kwenye magari ya moshi ya New York. Naipenda kwa sababu kila upande unasikika: meya Ed Koch analalama, mama anamsuta mwanawe, na mwana naye anajibu.

Sisemi kila kinachofokwa ni dhahabu. Nyimbo zinazowadhalilisha wanawake sizitetei, na bei ya baadhi ya raba hizo ni wazimu mtupu. Lakini hayo hayakuwamo katika insha ile.

Bado iko mezani pangu, na wino wangu mwekundu juu yake. Jumatatu nitamwita mwenyewe, tuisome pamoja tangu mwanzo.