Ukisoma Moja, Umesoma Moja

Kuna msemo unaopendwa na watu wenye vyeti, na wanautamka bila wasiwasi: riwaya ya upelelezi ukisoma moja umesoma zote. Maiti inaokotwa, mpelelezi anaitwa, washukiwa wanahojiwa, muuaji anafungwa pingu, basi. Nimeusikia Dodoma mjini, nimeusikia kwenye vyumba vya walimu hapa Chemba, na kila nikiusikia namuuliza msemaji: za mwandishi mmoja umesoma ngapi? Jibu huwa ni moja, tena ya zamani.

Basi tumchukue Muhammed Said Abdulla, mzaliwa wa Makunduchi, Unguja. Mzimu wa Watu wa Kale ilishinda shindano la East African Literature Bureau la 1957/58 na kuchapishwa 1960. Ikafuata Kisima cha Giningi 1968, Duniani Kuna Watu 1973, Siri ya Sifuri 1974, Mke Mmoja Waume Watatu 1975, Mwana wa Yungi Hulewa 1976, na Kosa la Bwana Msa 1984. Vitabu saba, mpelelezi yule yule, Bwana Msa, na kiko chake, na swahiba wake Najum. Msomaji wa haraka anaona kiko, anafunga kitabu. Aliyevisoma kwa kufuatana anaona jambo jingine kabisa. Mwanzoni kuna mauaji, na yanahusishwa na mahali panapoogopwa, kwa hiyo Bwana Msa ana kazi mbili: kumtafuta muuaji, na kuzuia watu wasimtupie mzimu dhambi ya binadamu. Kadiri vitabu vinavyosonga mbele damu inapungua. Fumbo linahamia ndani ya nyumba: nani mtoto wa nani, nani mume wa nani, nani anaishi kwa jina lisilo lake. Kati ya kitabu cha kwanza na cha pili yamepita Mapinduzi ya 1964. Mimi naamini si bahati tu kwamba mwandishi aliyeanza na maiti akaishia kuchimba nasaba, katika visiwa ambako ukoo wa mtu ulikuwa umegeuka suala la uhai wake. Unaweza kunibishia. Lakini huwezi kunibishia kama umesoma kimoja.

Vitabu hivi hufika Chemba kwa njia ya mabegi. Mwanafunzi anatoka navyo mjini, vinashuka kwenye basi la Kondoa, vinafunikwa kwa karatasi ya mfuko wa saruji, vinaanza kuzunguka. Nakala moja ya Kisima cha Giningi ilizunguka huku mpaka Paranga ikiwa haina kurasa za mwisho. Kwa watu wa ule msemo, kitabu hicho kilikuwa kimekufa. Msimu wa kupiga alizeti, vijana wakipumzika kivulini waliendelea kukigombania, na mmoja wao, aliyewahi kuisoma Mzimu wa Watu wa Kale, aliwanyamazisha wenzake. Alisema, mwandishi huyu namjua, msimwangalie anayeongea sana, rudini mhesabu ni nani amekuwepo kila mahali na hajaulizwa chochote. Wakarudi ukurasa wa kwanza. Wakasoma upya, polepole, kidole kikiwa kwenye mstari. Sijaona darasa la fasihi lenye usomaji wa kina kuliko ule, na uliwezekana kwa sababu mtu mmoja alikuwa na kitabu cha pili kichwani cha kulinganishia.

Elvis Musiba naye anaonewa vivyo hivyo. Mpelelezi wake Willy Gamba, wanasema, ni bastola, ndege na wanawake warembo, toka mwanzo hadi mwisho. Vipo, sikatai. Lakini soma tarehe. Kufa na Kupona ilitoka 1974, Dar es Salaam ikiwa makao ya Kamati ya Ukombozi ya OAU, Wareno wakiwa bado Msumbiji, na kisa chenyewe kinaanza na kuibwa kwa siri za wapigania uhuru. Kikosi cha Kisasi cha 1979 kinampeleka Gamba Kinshasa. Mreno ameshaondoka na adui sasa ni Afrika Kusini ya makaburu. Mstari wa mbele ulikuwa unahama, na riwaya zilikuwa zinahama nao. Hapa kwetu anayefuatilia ng'ombe aliyepotea hasemi kwato zote ni sawa kwa kuwa zote ni za ng'ombe.

Wapo wanaotoa hoja nzito zaidi kwamba haya ni maigizo ya Wazungu: kiko cha Bwana Msa ni cha Sherlock Holmes. Kweli, kimetoka huko. Lakini hata Kamishna Maigret anavuta kiko, na hakuna anayemwita mwigaji. Georges Simenon, Mbelgiji aliyeandika kwa Kifaransa, alimwandikia Maigret riwaya 75, za watu wale wale wa polisi ya Paris na maswali yale yale ya taratibu. Mwaka 2003 Wafaransa waliingiza sehemu ya kazi zake kwenye Bibliothèque de la Pléiade, alipo Balzac. Wingi wa vitabu vyake ndio uliowapa wasomaji nafasi ya kuvipambanisha: hiki na kile, cha ujana na cha uzeeni. Sisi wingi huo huo tunaugeuza kuwa kosa.

Chanzo nakijua, na kinaniuma kwa sababu nimo ndani ya kazi ya kufundisha. Kwa miaka mingi kidato cha tatu na cha nne wamesoma Takadini ya Ben Hanson, Watoto wa Mama N'tilie ya Emmanuel Mbogo, Joka la Mdimu ya Abdallah Safari. Vitabu vizuri. Ila kila riwaya ina mwandishi wake, na kila mwandishi anapita mara moja. Mtoto anamaliza shule akijua kuorodhesha dhamira, lakini hajawahi kumwona mwandishi mmoja akibadili mawazo, akirudia mbinu na kuiboresha, au akichoka. Kisha akiwa mtu mzima anatuambia zote ni moja.

Kwa hiyo sitaki kusikia tena kwamba wilaya yetu ya Chemba, iliyozaliwa 2012, isiyo na duka la riwaya, ikipata pesa za maktaba inunue vitabu vya maana kwanza. Inunue Bwana Msa wote saba wanaopatikana, iwapange kwa mwaka, na Willy Gamba rafu ya chini yake. Wachapishaji waliolala na hakimiliki wavitoe tena kwa seti. Na mwalimu wa Kiswahili ampe mwanafunzi viwili kwa mpigo, si kimoja.