Tuache kusema "ni uzee tu"

Wiki iliyopita mjomba alinipigia simu kutoka Moshi: "Bibi yako siku hizi anasahau sana. Juzi kaacha maharage jikoni mpaka sufuria ikaungua. Ndiyo uzee huo." Nikajibu kama tunavyojibu wote: "Haya mjomba, uzee una mambo."

Nilipokata simu ndipo nikajiona mjinga. Tangu babu afariki, bibi haendi tena kanisani, chakula anagusa tu, na saa nane usiku yuko macho. Hivi mimi mwandishi wa habari, ninayelipwa kwa kuuliza maswali, nilishindwa kuuliza hata moja?

Ndugu msomaji, sonona kwa mzee haiji na machozi kila mara. Mara nyingi huja na kusahau, kufikiri polepole, kukosa hamu na maumivu yasiyoeleweka. Ndiyo maana hufanana na demensia. Tofauti ni kwamba sonona inatibika, na mzee akitibiwa kumbukumbu zake zinaweza kuimarika.

Ila mambo si mepesi hivyo. Mwaka 2024 jopo la wataalamu wa jarida la Lancet liliitaja sonona kati ya mambo 14 yanayoongeza hatari ya demensia. Na kwa wengine, sonona inayoanza uzeeni huwa ni dalili ya mapema ya ugonjwa wenyewe. Katika Alzheimer, protini za amiloidi na tau huanza kurundikana kwenye ubongo miaka mingi kabla mtu hajaanza kusahau.

Sasa protini hizo zinapimika hata kwenye damu. Mei 2025 Marekani iliruhusu kipimo cha kwanza cha damu cha kusaidia kugundua Alzheimer. Safi sana! Lakini kipimo hicho hakitakwambia kama bibi ana sonona. Hilo linajulikana kwa kumuuliza. Tangu miaka ya 1980 lipo dodoso la sonona kwa wazee, na toleo lake fupi lina maswali 15 tu ya ndiyo au hapana. Halihitaji maabara wala umeme.

Na tusijidanganye kwamba haya ni ya Wazungu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2013 ulipima wazee 1,198 wa miaka 70 na zaidi kule Hai, Kilimanjaro, jirani kabisa na bibi yangu. Makadirio ya demensia yakawa asilimia 6.4. Maana yake zaidi ya tisa kati ya kila kumi hawakuwa nayo. Sasa huo "uzee" unaosahaulisha kila mtu uko wapi?

Jumamosi napanda basi. Nitampeleka bibi kwa daktari, ikiwa ni sonona atibiwe, ikiwa ni demensia tujue mapema tumhudumieje. Nawe kabla hujasema "ni uzee", uliza: analala? Anakula? Nani anakaa naye akaongea?

Naomba kuwasilisha.