Walioambukizwa Ndio Wanaoongea Kiswahili

Likizo ya Juni mwaka 2013, saa saba mchana, mama mmoja muuza karanga aliingia mbio kwenye kibanda cha gemu pale Chang'ombe, Dodoma, akauliza: "Nyie watoto, mnampiga nani?"

Hakukuwa na anayepigwa. Tulikuwa wanne, wawili tumeshika pedi, wawili wanasubiri zamu. Kwenye televisheni, umati wenye mapanga na marungu ulikuwa umemzunguka Mzungu mmoja mwenye mikono minene kuliko mapaja yangu. Sauti tulikuwa tumeifungulia mpaka mwisho, na umati ule ulikuwa unapiga kelele kwa Kiswahili. Mama wa watu, kule nje kwenye beseni lake, hakusikia gemu. Alisikia watu wanataka kuua, mchana kweupe, kwa lugha anayoielewa. Kwa anayeishi mijini kwetu kelele za namna hiyo zina maana moja: kuna kijana kaitiwa mwizi.

"Shikamoo mama. Ni gemu tu," nikamwambia.

"Marahaba." Akaiangalia skrini kwa muda, mkono bado uko kwenye fremu ya mlango. "Zimeni hicho kitu." Akarudi kwenye karanga zake.

Hatukuzima. Nusu saa ilikuwa imeshalipiwa.

Lile lilikuwa Resident Evil 5, la kampuni ya Capcom ya Japani, lililotoka Machi 2009. Ukikaa na mashabiki wa mfululizo huu, taja namba 2 au namba 4 uone wanavyoitikia pamoja kama kwaya. Taja namba 5, ugomvi unaanza. Nimeusikiliza ugomvi huo kwa zaidi ya miaka kumi, kwenye vibanda, kwenye mabweni ya chuo, kwenye simu, na nimefika mahali nimeuchoka. Si kwamba hauna maana. Ila kila upande umeshika kipande ambacho si chenyewe.

Wazee wa mfululizo wanasema namba 5 iliua hofu. Tangu mwaka 1996 Resident Evil ilikuwa jumba la giza, mlango unaofunguka taratibu, risasi za kuhesabu, na wewe peke yako. Namba 5 ikaleta jua, risasi za kutosha na mwenza anayekuita kila dakika. Na mwishoni, ndani ya volkano, Chris Redfield analipiga ngumi jiwe kubwa kama daladala mpaka linasogea. (Hilo la jiwe sina la kulitetea.) Wengine wanajibu kwamba hakuna gemu tamu kulizidi ukiwa na rafiki pembeni. Wanaonyesha mauzo pia, na ni kweli lilinunuliwa kwa mamilioni, likakaa miaka kadhaa likiongoza mfululizo mzima. Halafu kuna wa tatu, ambao hata hawakusubiri litoke. Trela ya mwaka 2007 ilimwonyesha Chris, Mzungu, akiwamiminia risasi Waafrika kijijini, na wakosoaji wakaja juu, akiwemo mwandishi Mmarekani N'Gai Croal, kwamba picha zile zina historia ndefu na chafu. Trela za baadaye zikamwonyesha Sheva Alomar, mwenza Mwafrika.

Nianze na hao wa kwanza, kwa sababu ndio wenye kelele. Eti haitishi kwa kuwa ni mchana. Haimtishi nani? Mtu aliyekulia mahali ambapo mabaya huja usiku, kwa miguu ya kunyata, ataona jua ni usalama. Sisi wa nyanda hizi za kati tunalijua jua jingine. Mchana wa Dodoma kuna upepo wa vumbi, mabati yanalia, na barabara ni nyeupe mpaka unafumba macho. Na umati ukimkimbiza mtu, unamkimbiza katika mwanga huo huo, kila mmoja anamwona mwenzake na hakuna anayejificha. Yule mama hajawahi kushika pedi maishani mwake, na ndiye mtu pekee niliyewahi kumwona akiliogopa gemu hili sawasawa. Tena aliogopa kabla hajaliona. Masikio yalimtosha.

Wa pili nawaelewa zaidi, maana nilikuwa mmoja wao. PS3 ya kibandani iligawa skrini kwa namna ya ajabu, visanduku viwili vidogo vimepishana, pembeni weusi mtupu, na bado tuligombania nafasi. Hela ya mechi moja ya mpira ilikuwa inaisha kwa dakika kumi. Hapa ulikaa na mwenzako mnagawana mitishamba na risasi mpaka mwenye kibanda awakumbushe muda. Nimelimaliza mara mbili. Siandiki haya kama mtu aliyelisikia kwa jirani.

Lakini kuna jambo ambalo hakuna kundi kati ya hayo matatu linaloligusa, kwa sababu wengi wao hawawezi kulisikia. Maadui wa gemu hili wanaongea Kiswahili. Kwa mchezaji wa Texas au wa Lyon huo ni mngurumo tu, kama mbwa abwekavyo. Kwetu ni maneno.

Anza na majina. Mahali panaitwa Kijuju, eneo la kubuni huko Afrika Magharibi. Juju si neno letu, ni la huko Magharibi, ila limebandikwa ki- yetu mbele, kwa hiyo sikio la Mswahili linasikia ama lugha ya Wajuju ama kajuju kadogo. Na watu wa Kijuju, maelfu ya kilomita kutoka pwani yetu, wanapiga kelele kwa Kiswahili kama wamezaliwa Temeke. Walioambukizwa wanaitwa Majini, na gemu lenyewe linatueleza kwamba hilo ni neno la Kiswahili la pepo wabaya. Sawa, wingi wa jini. Ila kwa mtoto wa Dodoma, mji ambao ndoo ya maji ni habari, majini kwanza ni ndani ya maji. Tulicheka sana. Kila alipotokea mmoja na panga, rafiki yangu alikuwa anasema, "Huyo hapo, katoka kuoga."

Kicheko hicho ndicho kilichonichelewesha. Miaka ilipita ndipo nikajiuliza swali ambalo ningeweza kuuliza siku ile ile: katika gemu hili, nani anaongea nini?

Chris anaongea Kiingereza, sawa. Sheva, Mwafrika, Kiingereza. Kapteni Josh Stone, Mwafrika, Kiingereza. Kila mwenye jina na akili timamu, mwenye jambo la kueleza, mwenye huzuni au mzaha, analitoa kwa Kiingereza. Kiswahili kinaanza pale kiumbe kinapoingia mdomoni mwa mtu na akili ikatoka. Mwenye kipaza sauti anayeuchochea umati uwanjani anaongea Kiswahili. Wanaomwitikia wamekwisha kupotea. Ukiwa mzima, Kiingereza. Ukiambukizwa, Kiswahili. Lugha imefanywa dalili ya ugonjwa, kama macho mekundu na mapovu.

Sasa mtu ataniambia nakuza mambo. Basi nimpeleke shuleni kwangu.

Shule ya msingi niliyosoma, nje kidogo ya mji, ukikamatwa unaongea Kigogo ulivalishwa kibao shingoni, na ulikivaa mpaka umkamate mwenzako akikosea. Mama yangu aliniamkia kwa Kigogo, akanituma dukani kwa Kigogo. Nikifika getini nilikuwa natakiwa niwe nimepona. Sekondari mambo yakageuka. Kiswahili, ambacho jana kilikuwa ndiyo dawa, leo ndicho ugonjwa. Masomo yote, isipokuwa Kiswahili chenyewe, yalifundishwa kwa Kiingereza, ukutani kuna bango la kututaka tuongee Kiingereza tu, na kiranja ana daftari la majina ya wanaoongea Kiswahili. Ukiandikwa, unafagia au unachapwa. Ngazi ni ile ile, umepanda daraja moja tu. Capcom hawakutubunia kitu. Walichora kwa gharama kubwa picha ambayo walimu wetu walikuwa wameshaichora kwa chaki, na ndiyo maana hatukushtuka. Tulikuwa tumezoea kwamba anayeongea kama nyumbani ni wa kurekebishwa.

Na tulikuwa tumezoea kumcheka. Katikati ya gemu kuna kabila la kubuni, Wandipaya, watu wa kinamasi, wenye mikuki na vazi la majani, na hata watetezi wakubwa hufika hapo wakashusha sauti. Siku zile kulikuwa na kijana mmoja aliyekuwa anakuja kibandani kutoka kijijini upande wa Bahi, amefikia kwa shangazi yake, Kiswahili chake kimekaa kwenye lafudhi ya Kigogo. Alipokosea kitufe mtu mmoja alimwita Mndipaya. Jina likamkaa. Likizo ikaisha anaitwa Mndipaya na watu wasiojua hata gemu lenyewe, na likizo iliyofuata hakuja. Aliyemwita hivyo ni mimi, ambaye asubuhi ile ile nilikuwa nimemwambia mama yangu "mbukwa" kabla ya kutoka. Nchi hii inamcheka Mgogo tangu zamani, kwenye vichekesho vya redioni na kwenye mabasi, Mgogo na lafudhi yake, Mgogo na kuomba. Mimi nilipata neno jipya la kumchekea mwenzangu, limefungashwa vizuri, limetoka Japani.

Kwa hiyo mtu akiniambia ni gemu tu, namsikiliza kwa adabu. Niliwahi kuyasema maneno hayo mwenyewe, mbele ya mama anayetetemeka.

Hoja yao nzuri zaidi ni hii: namba 4, ya mwaka 2005, ilikuwa kijijini Hispania, na wanakijiji wale waliongea Kihispania wakichinja watu, mbona hatulalamiki? Ni hoja ya haki, na Wahispania kadhaa walilalamika kweli, kwamba lafudhi ni ya Meksiko. Lakini Kihispania kina sehemu nyingine za kuishi. Kwenye magemu na sinema kimepewa wapelelezi, wapenzi, wezi wenye mvuto, mabaharia, mabibi wenye busara. Akitokea mwendawazimu mmoja anayekiongea, nyuma yake kuna watu elfu wenye akili. Kiswahili kimepewa nini? The Lion King ya mwaka 1994 ilikipa majina ya wanyama. Civilization IV ya mwaka 2005 ilikipa "Baba Yetu", Sala ya Bwana iliyotungiwa muziki na Christopher Tin, ikawa muziki wa kwanza wa gemu kushinda tuzo ya Grammy, mwaka 2011, na naipenda, nywele husimama kila nikiisikia. Hesabu basi: simba, malaika, majini. Katika orodha hiyo hakuna mtu anayegombea chenji na konda.

Nisiwaache wakosoaji wa trela nao, maana wao ni wenzangu na bado wananikera. Walichoona ni ngozi, na walikuwa sahihi kuiona. Ila suluhisho linalopendekezwa mara nyingi ni kuondoa: ondoa Wandipaya, ondoa Kijuju, hamisha hadithi ipelekwe kwingine, ikiwezekana lizikwe gemu zima. Yaani baada ya kutukana kwa lugha yangu, dawa ni kuninyang'anya hata hiyo lugha. Sitaki. Nilipokuwa na miaka kumi na minne nilisikia Kiswahili kikitoka kwenye mashine iliyotoka ng'ambo, na chini ya kicheko kulikuwa na furaha moja ya kijinga ambayo sijawahi kuikana: wanatujua. Walitujua vibaya. Hiyo si sababu ya kuomba tusahauliwe.

Suala hili si la makumbusho. Capcom wametengeneza upya namba 2 mwaka 2019, namba 3 mwaka 2020, namba 4 mwaka 2023. Kila shabiki anajua kuhesabu, na mabishano yameanza tena, jua libaki au lisibaki, Sheva awe na akili zaidi au afutwe, jiwe lipigwe au lisipigwe. Mimi jiwe waliache. Ninachotaka ni karatasi moja.

Kwenye kinamasi cha Wandipaya unaweza kuokota shajara ya kijana wa kijiji. Wachezaji wengi wanaipita mbio, na sisi tuliipita, maana muda ulikuwa wa kulipia. Humo kijana anasimulia jinsi watu wa kwenye mafuta walivyokuja na sindano zao, na jinsi ndugu zake walivyoanza kubadilika baadaye. Anaona. Anaogopa. Ni mtu pekee wa mahali pale anayetueleza lilivyowapata watu wake kabla hawajawa wa kupigwa risasi. Nilipoisoma kwa utulivu, nikiwa mtu mzima, kwenye chumba cha kupanga Nkuhungu, niliweka pedi chini.

Imeandikwa kwa Kiingereza.

Iandikwe kwa Kiswahili. Iandikwe na mtu anayekijua, chenye makosa ya kijana, chenye neno moja au mawili ya lugha ya mama yake ndani. Mchezaji wa Texas asimame hapo kinamasini, mikuki inamjia, asubiri tafsiri itokee chini ya skrini.