Taa Inayometa na Shokomzoba Nne

Juma lililopita tulijiwa na mama mmoja mwenye swali ambalo ukurasa huu haujazoea kuulizwa. Mwanawe amerithi kwa ami yake gari la Toyota Supra la mwaka 1990, na taa ya mfumo wa shokomzoba inameta kwenye dashibodi. Fundi ameamua kwamba shokomzoba zote nne zibadilishwe. Fedha zilizopo ni za mama huyo, nazo amezihifadhi kwa karo ya binti mdogo. Je, atoe au asitoe?

Kwanza yatupasa tujue taa ile inasema nini. Supra za umbo la A70, zilizotengenezwa tangu 1986 hadi 1993, baadhi yake zilifungwa mfumo ambao Toyota waliuita TEMS. Ndani ya shokomzoba mna mafuta yanayopita katika matundu madogo. Juu yake huwekwa mota inayozungusha kijiti; kijiti kikizunguka, njia ya mafuta hupanuka au hubanwa, na gari likawa laini au gumu. Anayeamrisha ni tarakilishi ya gari, baada ya kupokea habari za mwendo, usukani na breki.

Basi taa ile huchunga umeme. Haina jicho la kuona mafuta yaliyovuja. Shokomzoba yaweza kuwa imekufa kabisa na taa isiwake, na yaweza kuwa nzima ilhali taa inameta kwa sababu ya waya mmoja uliooza. Fundi aliyetaja shokomzoba nne bila ya kufungua boneti, kwa maoni yetu, amebahatisha kwa fedha za mtu mwingine.

Kijana aanze na swichi, kwani gari hili lina taa za kuonyesha hali iliyochaguliwa, na taa iliyotulia si onyo. Ikiwa inameta, apime betri: injini ikiwa imezimwa na gari limepumzika, betri nzima hukaribia volti 12.6, na iliyochoka huzitia wazimu tarakilishi za zamani. Kisha atazame fyuzi.

Baada ya hapo aziendee plagi za zile mota, na hapa asifanye haraka. Huku kwetu pwani upepo wa bahari hubeba chumvi, na gari lililokaa miaka mingi Mombasa au Malindi huota ukungu wa kijani kwenye shaba. Atenganishe betri, azichomoe plagi, azisafishe kwa dawa ya kusafishia viungo vya umeme, azikaushe, azirudishe. Za mbele ziko chini ya boneti. Za nyuma hufichwa na vifuniko vya buti. Halafu arudishe betri, awashe swichi bila ya kuwasha injini, abadilishe kutoka hali ya kawaida hadi ya michezo, huku mwenzake akiweka kidole juu ya kila mota. Iliyo hai husikika ikigeuka. Iliyo kimya ndiyo ya kushughulikiwa, na hiyo ni mota moja tu. Tena, aulize kama marehemu aliwahi kufunga shokomzoba za kawaida zisizo na mota. Plagi zikiachwa zikining'inia, huenda taa ikaendelea kumeta hata zikinunuliwa mpya.

Shokomzoba zenyewe zapimwa kwa njia nyingine. Atazame kama mafuta yametiririka ubavuni. Akandamize kila pembe ya gari na kuiachia: ikirukaruka zaidi ya mara moja au mbili, imechoka. Atazame pia tairi, kama zimelika kwa mabaka. Dalili hizi zikionekana, hapana mjadala, kwani gari la namna hiyo huchelewa kusimama na hupepesuka kwenye kona, na humo hupanda mama na binti. Hata hivyo hubadilishwa mbili za mbele pamoja, au mbili za nyuma pamoja. Si lazima nne.

Tulimwambia mama asitoe fedha mpaka aonyeshwe kwa macho yake mafuta yaliyovuja au mota iliyonyamaza.

Limebaki la wanunuzi. Wapo wanaong'oa balbu ya taa hii kisha wakauza gari, na kuficha aibu ya bidhaa ni haramu ijulikanayo hata na watoto wa chuo. Kwa hivyo ukienda kununua, washa swichi kabla ya injini na uzihesabu taa za onyo: zile zinazopaswa kujionyesha kwa sekunde chache huwaka, kisha huzimika. Isiyowaka kabisa, muulize muuzaji imekwenda wapi.